Leza ya dayodi kwa glakoma sugu baada ya upasuaji wa retina: hatua kwa hatua

Retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imerudi mahali pake, mafuta ya silikoni ya kuishikilia yamejaa ndani ya jicho, mgonjwa anatia matone ya aina tatu kila siku na kumeza vidonge juu yake, na bado tonomita, kifaa cha kupima presha ya jicho, inaonyesha 38 mmHg ilhali kawaida ni 10 hadi 21. Hiyo ni glakoma: jicho la namna hii hupoteza mshipa wake wa fahamu kimyakimya huku kila mtu akifurahia kwamba retina imeshika. Leza ya dayodi, inayochoma mwili wa siliari kutoka nje bila kulifungua jicho tena, ni mojawapo ya njia chache zinazobaki.

Mwongozo huu ni wa madaktari wa macho wanaoanza kuitumia leza hiyo, wauguzi wa chumba cha upasuaji wa macho, na maofisa tabibu wa macho wanaowapokea wagonjwa hawa wakirudi wilayani. Msimamo wetu tuuseme mapema. Mwili wa siliari, yaani ile pete nyuma ya airisi (sehemu yenye rangi ya jicho) inayotengeneza maji ya jicho, katika jicho lililokwisha kufanyiwa vitrektomi (upasuaji wa kuondoa ute wa ndani ya jicho) huwa umeshajeruhiwa: na vyombo, na uvimbe, pengine na makovu yanayouvuta. Basi choma kidogo, hesabu nishati, subiri, rudia ikibidi. Presha iliyobaki juu inaweza kutibiwa tena. Jicho lililosinyaa halirudi.

Kila tunapotaja saa kuonyesha mahali kwenye jicho tunamaanisha namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, ukilitazama jicho kutoka mbele: 12 ni juu, 6 ni chini, 3 na 9 ni pembeni.

Tafuta chanzo kabla ya kuwasha leza

Kuliita jicho "sugu" ni hitimisho. Wagonjwa wengi wanaoletwa kwa leza wana sababu inayoweza kuondolewa, na leza haitaiondoa. Muda tangu upasuaji ndio unaokupa dalili ya kwanza.

Siku chache za mwanzo, fikiria gesi iliyowekwa kuishikilia retina. Ziko aina mbili: SF6 huchanganywa na hewa hadi karibu 20%, C3F8 hadi 12 au 14%; ikizidi hapo hutanuka ndani ya jicho na kuisukuma lenzi na airisi mbele. Muulize mgonjwa alisafiri vipi. Mtu aliyewekewa gesi Mombasa akapanda hadi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, amepandisha presha ya jicho lake hata kama alikuja kwa basi au treni, na kwa ndege ni hatari zaidi. SF6 hukaa kama wiki 2, C3F8 hufika wiki 8. Katika muda huo wote asipewe pia gesi ya naitrasi oksaidi akilazwa kwa nusu kaputi. Dawa ya gesi iliyozidi ni kuipunguza kwa sindano.

Kama yamewekwa mafuta, angalia kama yamezidi. Ujazo wa mafuta haupungui kwa kuwa jicho limeacha kutengeneza maji, kwa hiyo ukichoma mwili wa siliari katika jicho lililojazwa kupita kiasi unabaki na presha ileile pamoja na majeraha mapya. Dalili zake ni mafuta kuonekana chemba ya mbele (nafasi iliyo mbele ya airisi), au chemba hiyo kuwa nyembamba sana. Hapa mafuta yapunguzwe.

Jicho lisilo na lenzi linahitaji tundu la Ando kwenye airisi, saa 6, maana mafuta ya silikoni ya kawaida ni mepesi kuliko maji na huelea; maji ya jicho hupita kwa chini. Tundu likizibwa na utando wa fibrini, maji yanakwama nyuma na kuyasukuma mafuta mbele. Lifungue kwa leza ya YAG, ile ya kukata utando. Mara nyingi presha hushuka siku hiyohiyo, na kama mafuta yamerudi nyuma yenyewe umeokoa upasuaji mzima. Kwa mafuta mazito yanayozama, tundu hukaa juu, saa 12.

Wiki ya 2 hadi ya 6, mshukiwa mkuu ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Matone ya prednisoloni au deksamethasoni ni lazima baada ya vitrektomi, lakini baadhi ya watu presha yao hupanda nayo. Mwambie mgonjwa alete kila chupa aliyo nayo nyumbani. Si ajabu kukuta anaendelea kununua duka la dawa chupa yenye antibiotiki na deksamethasoni pamoja, miezi miwili baada ya kuambiwa aache, kwa sababu inapunguza wekundu. Triamsinoloni, steroidi nyingine, iliyodungwa ndani ya jicho inaweza kushikilia presha juu kwa miezi.

Baada ya miezi ndipo glakoma sugu ya kweli hujitokeza. Mafuta hukatikakatika kuwa vitone vidogo sana vinavyoelea hadi saa 12 katika chemba ya mbele na kutengeneza mstari mweupe juu, kinyume cha usaha unaokaa chini. Vitone hivyo huziba chujio la pembe ya jicho, ambalo maji ya jicho hutokea, na vikishakaa humo kwa muda mrefu, hata mafuta yakitolewa presha inaweza kubaki juu. Fanya gonioskopi (kutazama pembe hiyo kwa lenzi maalumu) na uanze na pembe ya juu. Katika macho mengine pembe imeshikana kwa makovu. Kwa wenye kisukari kuna mishipa mipya juu ya airisi na pembeni, na hao wanahitaji leza ya retina iliyokamilika na, inapofaa, bevasizumabu (dawa ya kuzuia mishipa mipya) kabla ya kufikiria siliari. Kwa waliovujia damu ndani ya jicho kuna seli za damu zilizozeeka, za rangi ya udongo, zinazoziba chujio. Hapo kuosha jicho ndiyo tiba.

Neno moja kuhusu kipimo. Tonomita ya Schiotz bado ipo katika kliniki nyingi, na kwa macho haya inadanganya: jicho lililofungwa mkanda wa silikoni nje au lenye gesi ndani huonyesha namba ya chini kuliko ukweli. Tumia tonomita ya Goldmann, au angalau tonomita ya kushika mkononi iliyohakikiwa, na upime mara mbili kwa nyakati tofauti.

Dawa: zitumie zote zinazofaa kwanza

Timololi 0.5% mara mbili kwa siku (si kwa mwenye pumu au mapigo ya polepole), dozolamidi 2%, brimonidini 0.2%. Latanoprosti hufanya kazi pia, ila jicho likiwa na uvimbe mwingi tunaiweka kando. Asetazolamidi 250 mg mara nne kwa siku ni ya muda tu: huleta ganzi vidoleni, hupunguza potasiamu, haimfai mwenye selimundu wala mwenye mzio wa dawa za salfa, na kwa mwenye kisukari pima figo kabla ya kuiandika. Presha ikiwa juu sana siku ya leza, manitoli 20% kwa 1 g kwa kila kilo, yaani ml 300 kwa mtu wa kilo 60, ndani ya dakika 30 hadi 60, huku moyo na figo vikiwa salama.

Kama baada ya hayo yote presha bado inaharibu mshipa wa jicho, au jicho linauma, au mgonjwa hawezi kuendelea na vidonge, ndipo tunazungumza leza.

Kwa nini leza hii na si nyingine

Fikiria jaba la maji linalofurika. Unaweza kuzibua bomba la kutolea maji, au kupunguza koki inayoingiza. Trabekulektomi (upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya) na mirija ni za kuzibua. Katika jicho lililopasuliwa retina, konjanktiva (utando unaofunika weupe wa jicho) imeshonwa na kushikana kwa makovu, kwa hiyo njia mpya hufunga haraka. Na kama kuna mafuta, huelea na kutokea kwenye njia hiyo. Mrija unaweza kuwekwa upande wa chini, na mikononi mwa mtaalamu ni chaguo zuri kwa jicho lenye uoni mzuri. Leza ya dayodi hupunguza koki.

Wagonjwa wengi wamesikia habari za leza ya glakoma kutokana na kazi iliyofanywa Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa 2021, ambako leza ya SLT iliishinda timololi katika mwaka wa kwanza. Waelezwe kwamba hiyo ni leza tofauti. SLT inalenga chujio lililo wazi kwenye glakoma ya kawaida; chujio lililozibwa na vitone vya mafuta au makovu halina cha kunufaika nayo.

Leza ya dayodi ina mwanga wa nanomita 810. Hupita kwenye weupe wa jicho bila kuuchoma sana na kunyonywa na melanini, rangi ya asili ya mwili, iliyo katika mwili wa siliari, ambako hugeuka joto na kuua sehemu ya seli zinazotengeneza maji. Kwa kuwa macho ya watu wetu wengi yana melanini nyingi, nishati inayotosha ni ndogo kuliko ile iliyopangwa kwa macho ya buluu. Melanini hiyohiyo ikiwa juu, kwenye ukingo wa konea (kioo cha mbele cha jicho) ambako wengi wana pete ya kahawia, huunguza uso wa jicho. Tutarudi hapo.

Ridhaa

Mweleze mgonjwa na ndugu aliyefuatana naye mambo haya bila kuyapamba. Lengo ni kushusha presha na maumivu. Uoni uliokwisha potea haurudi. Uoni uliopo unaweza kupungua. Inaweza kuhitajika kurudia. Kuna uwezekano wa jicho kulegea na hatimaye kusinyaa, na uwezekano huo ni mkubwa zaidi kwa glakoma ya mishipa mipya na kwa jicho lililofanyiwa upasuaji mwingi. Uvimbe wa kinga unaoshambulia jicho la pili ni nadra sana, lakini utajwe, hasa kama jicho la pili ndilo analolitegemea.

Andika uoni wa kabla: anasoma mstari upi, anahesabu vidole kwa umbali gani, anaona mkono ukipungwa, anaona mwanga, au haoni kabisa. Bila namba hiyo hutajua baadaye leza imefanya nini.

Vifaa

Mashine ya dayodi ya nm 810 na ufunguo wake, pedali, G-Probe au probu (kishikio kinachopeleka leza kwenye jicho) ya aina hiyo, kifaa cha kufungulia kope, taa ndogo yenye mwanga mkali ya kumulika jicho kwa ndani, maji ya chumvi au methaliselulosi ya kulowesha, pamba laini, povidoni 5%, lignokeini 2% na bupivakaini 0.5%, deksamethasoni ya sindano, miwani ya kinga ya nm 810 kwa kila aliyemo chumbani, na alama ya onyo mlangoni. Mwanga huu hauonekani kwa macho, na kuungua kwa retina ya muuguzi hakuna tiba.

Kuhusu probu: mtengenezaji ameiandikia matumizi ya mara moja. Hospitali nyingi huitumia tena kwa sababu ya gharama. Zikifanya hivyo, basi kila mara kabla ya kuanza, itazamwe ncha chini ya darubini. Ncha yenye ufa au weusi wa kuungua hutupwa. Si suala la usafi peke yake: weusi huo hunyonya leza, ncha inakuwa kama pasi ya moto, na weupe wa jicho ndio unaopokea joto lililopaswa kufika ndani.

Kupanga nishati

Nishati kwa mchomo mmoja ni wati mara sekunde. 1500 mW kwa sekunde 2 ni jouli 3. Michomo 18 ya namna hiyo ni jouli 54. Namba ya jumla ndiyo ya kuandika kwenye faili, kwa sababu "tulichoma robo tatu" haimwambii chochote atakayerudia.

Njia ya kawaida: anza 1500 mW kwa sekunde 2. Ukisikia mlio mdogo wa "pap", tishu imepasuka kwa joto. Shusha 250 mW na uendelee bila mlio. Usipousikia, huna haja ya kuutafuta. Vitabu vya zamani humtaka daktari apandishe nguvu hadi mlio, kisha ashuke kidogo. Kwa macho ya kahawia nyeusi yaliyokwisha kufanyiwa upasuaji wa retina hatuipendekezi njia hiyo, maana kila mlio ni damu na uvimbe zaidi.

Njia ya polepole: 1250 mW kwa sekunde 4, jouli 5 kwa mchomo. Milio ni michache na uvimbe ni mdogo, na kwa macho yenye rangi nyingi ndiyo tunayoipenda. Angalia tu kwamba jumla inapanda haraka: michomo 16 tayari ni jouli 80.

Idadi kamili ni michomo 6 kwa kila robo, robo tatu, jumla 18, ukiacha saa 3 na 9. Tunaipunguza hadi michomo 12, nusu ya jicho, mara ya kwanza ikiwa kuna lolote kati ya haya: vitrektomi zaidi ya moja, makovu ya retina yaliyovuta mbele hadi siliari, glakoma ya mishipa mipya, mtoto, au jicho lenye uoni ambao mgonjwa bado anautumia. Presha ya 30 haihitaji michomo sawa na presha ya 50 pia.

Mashine za mapigo mafupi hufanya kazi tofauti: leza huwaka ms 0.5 na kuzima ms 1.1, yaani iko wazi 31.3% ya muda, na probu hutelezeshwa badala ya kusimama. Mpangilio uliotumika sana ni 2000 mW kwa sekunde 80 kila nusu ya jicho. Makubaliano ya baadaye ya wataalamu ni 2500 mW, mizunguko minne ya sekunde 20 kila nusu. Kasi ya mkono ndiyo dozi. Ukitelezesha haraka, leza imepita tu. Majeraha ni madogo, lakini ni kawaida kurudia.

Chumbani

1. Thibitisha jina na jicho pamoja na mgonjwa mwenyewe, kisha tia alama juu ya nyusi. Jicho lisilotibiwa lifunikwe kwa kinga isiyopitisha mwanga.

2. Ganzi. Matone hayatoshi, kuchoma siliari kunauma sana. Dunga pembeni mwa jicho ml 4 hadi 5 za lignokeini 2% na bupivakaini 0.5% nusu kwa nusu, sindano isizidi mm 25. Wagonjwa wengi wa retina wana macho marefu, na wenye mkanda wa silikoni jicho limebanwa na kurefuka zaidi, kwa hiyo sindano ndefu inaweza kulitoboa. Ganzi ya chini ya tabaka la Tenoni (lililo chini ya konjanktiva) ni salama zaidi, ila makovu yanaweza kuzuia isienee, ikigoma, usilazimishe. Watoto ni nusu kaputi. Subiri dakika 10 na ujaribu kwa pamba kabla ya kuendelea.

3. Safisha kwa povidoni 5%, suuza, fungua kope.

4. Mulika jicho. Zima taa za chumba, weka taa ndogo upande wa pili wa jicho, utaona mkanda mweusi ukianza karibu na ukingo wa konea. Huo ndio mwili wa siliari. G-Probe imetengenezwa ili ukingo wake ukikaa kwenye mpaka wa konea, ncha iwe mm 1.2 nyuma ya mpaka. Kwa jicho la ukubwa wa kawaida inatosha. Jicho refu, jicho la mtoto lililotanuka kwa presha, au lililofanyiwa upasuaji mwingi linaweza kuwa na siliari iliyosogea, na ukichoma kwa mazoea utaikosa au utachoma mzizi wa airisi. Hatua hii huchukua dakika moja na ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote.

5. Weka alama kwa kalamu ya upasuaji mahali usipogusa: saa 3 na 9, ambako neva na mishipa mirefu ya siliari hupita, weupe uliogeuka buluu kwa wembamba, madoa ya damu, na makovu ya matundu ya vitrektomi, ambayo huwa mm 3.5 hadi 4 nyuma ya mpaka lakini wembamba wake unaweza kufika mbele.

6. Lowesha uso wa jicho. Washa mashine, weka nguvu na muda, na msaidizi azisome kwa sauti kabla ya mchomo wa kwanza.

7. Weka probu sambamba na mstari wa kutazama wa jicho, usiielekeze katikati ya jicho. Ncha inatokeza mm 0.7 ili ikandamize konjanktiva. Kandamiza kwa uthabiti, wala si kwa nguvu. Bonyeza pedali na usisogee hadi mashine inyamaze.

8. Inua, sogea nusu ya upana wa probu, rudia. Kila michomo mitatu au minne, futa ncha kwa pamba iliyoloa na uitazame.

9. Msaidizi ahesabu michomo kwa sauti, na milio ya "pap" ahesabu kando.

10. Mwisho dunga deksamethasoni chini ya konjanktiva, tia atropini 1%, funika jicho hadi asubuhi. Andika: nguvu, muda, idadi, saa zilizochomwa, milio, jumla ya jouli.

Yanayoharibika, na sababu zake

Uso wa jicho kuungua papo hapo, doa jeupe au jeusi chini ya ncha: ni pete ya kahawia ya ukingo wa konea, au ncha chafu, au uso mkavu. Simama, safisha ncha, lowesha, shusha nguvu, na kama rangi ni nzito rudi nyuma nusu milimita endapo mwanga wa ndani unaonyesha bado uko juu ya siliari. Usirudie juu ya doa lilelile.

Milio mfululizo hata baada ya kushusha nguvu: umekaa mbele mno, juu ya mzizi wa airisi. Mulika tena.

Damu chemba ya mbele ni ya kawaida kwa mishipa mipya. Mgonjwa alale kichwa kikiwa juu, nyingi huisha yenyewe.

Mboni kubaki wazi na konea kupoteza hisia hutokana na kuchoma saa 3 na 9. Konea isiyo na hisia hupata kidonda bila mgonjwa kujua, na kwa mwenye kisukari kidonda hicho hakiponi kirahisi. Ndiyo maana alama za hatua ya tano si urembo.

Presha kushuka ghafla hadi 4 au 5 wiki chache baadaye: usishangilie. Retina ikibanduka tena, nayo hushusha presha. Tazama retina kwanza. Kama konea haipitishi picha, fanya ultrasaundi, ukikumbuka kwamba mafuta hupotosha vipimo vyake. Kama retina iko salama, punguza dawa za presha mara moja, ongeza steroidi na atropini.

Baada ya leza

Prednisoloni asetati 1% kila saa 2 kwa siku za mwanzo, kisha mara nne kwa siku, ukipunguza taratibu ndani ya wiki 4. Atropini 1% mara mbili kwa siku kwa wiki 1 hadi 2. Parasetamoli, na ibuprofeni kama tumbo na figo vinaruhusu. Kwa aliyewahi kupandishwa presha na steroidi, usimnyime, maana uvimbe utamdhuru zaidi. Mpime mara nyingi na umpunguzie mapema.

Dawa za presha zinaendelea zilezile siku ya kwanza. Hili linawachanganya wagonjwa, wanaodhani leza imezibadili zote. Presha inaweza kupanda kwa siku mbili tatu kutokana na uvimbe, na leza hufikia nguvu yake baada ya wiki 4 hadi 6. Asetazolamidi ndiyo ya kwanza kuondolewa, kisha matone moja moja.

Apimwe siku ya 1, wiki ya 1, wiki ya 4 hadi 6, kisha miezi 3. Kila mara: uoni, presha, chemba ya mbele, konea, retina.

Kurudia, na suala la mafuta

Usirudie kabla ya wiki 4. Sisi hungoja 6 kama mshipa wa jicho unavumilia. Mara ya pili choma robo ambayo haikuguswa, au nusu ya idadi ya kwanza. Ikiwa vipindi viwili vilivyopangwa vizuri havijashusha chochote, rudi kwenye swali la chanzo na ufikirie mrija wa upande wa chini, badala ya kuongeza nguvu ya leza.

Mafuta hutolewa kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 6, retina ikiwa imetulia. Presha ikivumilika kwa dawa, toa mafuta kwanza, maana baadhi ya macho hutulia yenyewe na hayahitaji leza kabisa. Presha isiyovumilika haingoji: choma michomo 12, na mafuta yatolewe wiki kadhaa baadaye. Kufanya yote mawili siku moja kunawezekana, ila jicho linapoteza vyanzo viwili vya presha kwa pamoja, na hapo ndipo tunapoogopa kulegea. Tukilazimika, tunachoma michomo 12 tu.

Anayerudi nyumbani

Wengi wa wagonjwa hawa hufuata upasuaji wa retina Moshi, Dar es Salaam, Nairobi au Kikuyu, na nyumbani ni mbali. Mpe barua, umsomee kabla hajaondoka. Iseme jicho lipi, tarehe, jumla ya jouli na saa zilizochomwa, kama kuna mafuta au gesi ndani na ni aina gani, presha ya mwisho na tonomita iliyotumika, dawa gani aendelee nazo na tarehe ya kuacha steroidi. Kwa lugha anayoielewa iseme pia arudi kliniki ya macho iliyo karibu siku hiyohiyo akiona haya: maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, maumivu pamoja na kutapika, usaha, uoni kufifia kama pazia linashuka, au jicho lile lingine kuwa jekundu na kuumizwa na mwanga, hata kama imepita miezi.